Kicheko Kutoka Kisimani

Mume wangu anaitwa Redio, na jina hilo hakuliokota njiani. Tangu anapofika kazini mpaka anapokunja kamba zake, mdomo wake haufungwi. Wateja wanampenda. Majirani wa wateja hubeba viti vyao wakaja kukaa wamsikilize. Wakikutana na mimi sokoni wananiambia, mama una bahati, nyumba yako lazima imejaa vicheko. Huwa najibu ndiyo, kwa sababu nikianza kueleza tutakesha pale.

Ukweli ni kwamba redio ikifika nyumbani betri zimekwisha. Anaoga, anakula, anajitupa kwenye kochi lililo karibu na cherehani yangu na kutazama ukuta. Ukimuuliza kitu anaitikia "mh". Ukimwambia nyumba inaungua nafikiri ataitikia "mh". Watu baki wanakula uhondo mchana kutwa, mimi niliyemzalia naambulia makombo. Jambo hilo lilikuwa likiniudhi, na si kidogo.

Kazi yake ni visima. Sisemi vile vya mashine, nasema vile vya sururu na mikono, mtu mmoja chini na mmoja juu. Wa chini anachimba na kujaza ndoo. Wa juu anavuta ndoo, anamwaga udongo, anairudisha, na wakati wote huo anashika kamba ya pili, ile iliyofungwa kifuani mwa mwenzake. Redio ni mtu wa juu. Mtu wa chini ni mdogo wangu, ambaye watu wamempa jina la Bubu ingawa anaongea vizuri tu, ila maneno yake ni ya mgao kama maji ya bomba. Mama yetu alipofariki aliniachia huyo mtoto akiwa bado hajui kufunga vifungo vya shati. Nilimlea, nikamsomesha mpaka aliposema shule basi, nikamkabidhi kwa mume wangu afundishwe kazi. Kwa hiyo kila asubuhi wakitoka, roho yangu inaning'inia kwenye kamba moja, na aliyeishika ni mtu wa mizaha.

Mizaha yenyewe ilikuwa na asili yake. Ujanani Redio alikuwa mtu wa chini, na juu yake alikaa mzee mmoja mnunaji aliyeweza kumaliza siku nzima bila kutoa neno. Siku moja hewa ikaharibika kule chini. Redio akalegea, akaona usingizi mtamu, akakaa na kuegemea ukuta. Mzee akachungulia, akadhani kijana anapumzika, akarudi kushika tama. Kama mwenye kisima asingekuja kuuliza wamefikia wapi, mimi ningeolewa na mtu mwingine.

Tangu hapo akajiwekea sharti: kila neno la juu lijibiwe chini. Kukiwa kimya mara mbili, hakuna kuuliza mara ya tatu, ni kuvuta. Mwanzoni alikuwa akiuliza tu, "Uko sawa?" Akagundua kwamba mtu anaweza kuitikia "niko sawa" huku anazimia, kwa mazoea, midomo ikijiendesha yenyewe. Lakini kucheka ni kitu kingine. Ili ucheke ni lazima uwe umesikia, umeelewa, na una pumzi. Ndiyo maana alianza kuchekesha, na aliwahi kuniambia kwamba kicheko ndicho kipimo chake cha hewa. Mimi nilimwambia hicho ni kisingizio cha mtu anayependa kusikika.

Bubu naye alikuwa na sharti lake, alilolitoa siku ya kwanza kabla hajashuka. Katika kisima kimoja, chekesho lisirudiwe. "Ukirudia, shemeji," alisema, "nitajua akili yako haiko kwenye kamba. Nitapanda juu." Kwa Bubu, hayo yalikuwa maneno ya mwezi mzima. Redio akakubali, wakapeana mikono, na hawajawahi kulivunja. Visima vingine vinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo unaweza kufikiria ni machekesho mangapi yanatakiwa. Yakimpungukia alikuwa ananigeukia mimi. Nusu ya mji inajua nilivyoanguka na ngazi, nilivyomsalimia mwanasesere wa dukani, nilivyomshonea bwana harusi suti ya mtu mwingine.

Siku ninayoisimulia walikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mpole anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye ua mpana. Kisima kilikuwa kimeshakwenda chini sana, udongo mwekundu mgumu unaojisimamia wenyewe, kuta hazina hata ufa. Asubuhi ile wakakuta mchanga wenye maji. Wachimbaji wanaupenda mchanga huo kwa kuwa maji yako karibu, na wanauogopa kwa kuwa haujishiki. Wakakubaliana hakuna kuchimba tena mpaka washushe pete za zege, zile duara kubwa zilizo wazi katikati, wanazozifinyanga wenyewe na kuzipanga kisimani ziwe ukuta. Pete zilikuwa pale uani zimeshakauka. Magogo matatu yalikuwa yamesimamishwa juu ya shimo na winchi ya mkono imefungwa. Kilichobaki ni Bubu kushuka kidogo kusawazisha chini ili pete ya kwanza isikae upande.

Mimi nilikuwa nawapelekea chakula. Nikiwa bado getini nikasikia Redio anaeleza habari zangu. "Basi dada yako akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akausahau ndani. Akazunguka, akaingia kwa dirishani. Akachukua ufunguo, akatoka kwa dirishani, akafungua mlango, akaingia. Akafunga lile dirisha vizuri. Halafu akaniambia, baba watoto, nyumba hii mwizi haingii."

Nawauliza nyinyi, kufuli liko nje, ningefanyaje? Lakini mwalimu alikuwa kwenye kigoda chake anafuta machozi kwa kucheka, na kutoka shimoni kikapanda kicheko cha Bubu, kifupi kama kawaida yake. Niliweka hotpoti chini, nikashika kiuno, tayari kumjibu mume wangu mbele ya wateja wake.

Ndipo nikasikia kishindo. Hakikuwa kikubwa, ilikuwa kama mtu ameangusha gunia la unga kwenye chumba cha pili. Kamba mikononi mwa Redio ikavutika ghafla, ikakazika.

"Shemeji," Redio akaita.

Kimya.

"Shemeji, dada yako ameleta chakula. Anasema usipocheka anakirudisha."

Kimya tena. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Redio akakita miguu akavuta kwa nguvu zake zote, na kamba haikusogea hata kidogo. Halafu kikohozi kikatoka chini, na sauti ya mdogo wangu, nyembamba, ikasema amefukiwa mpaka kifuani, mkono mmoja uko nje.

Redio akalala kifudifudi juu ya ubao uliolazwa mdomoni mwa kisima, akachukua kile kipande cha kioo wanachotumia kurushia mwanga wa jua shimoni, akamulika. Nami nikachungulia nyuma yake. Upande mmoja wa mchanga ulikuwa umemeguka na kumwangukia Bubu, na palipomeguka pamebaki pango. Juu ya pango hilo udongo mwekundu ulikuwa umebaki unaning'inia bila cha kuushikilia, kama rafu, sawasawa na kichwa cha mdogo wangu.

Nilifungua mdomo nipige yowe. Kiganja cha Redio, chenye tope, kikaniziba. Alininong'oneza sikioni, "Ukilia atasikia. Akisikia atajitikisa. Akijitikisa, ukuta wote unakuja." Halafu papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, akageukia shimo na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, shemeji tulia hapo hapo usiondoke, nisije nikakutafuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye harusini.

Nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa. Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu yuko chini ya ardhi, na huyu mtu anapiga soga.

Mwalimu alikwenda kupiga simu. Zimamoto walisema wako njiani. Simu nyingine akampigia Sindano, mchimbaji wa mtaa wa pili, mwembamba ajabu, ambaye yeye na mume wangu walikuwa hawasalimiani kwa sababu za kugombea wateja. Sindano hakuuliza swali. Alifika kwa pikipiki na viatu vimebaki kwao. Wakati wote wa kumsubiri, Redio hakunyamaza. Alimweleza Bubu habari za mbwa wa jirani, za mteja aliyetaka kisima cha mraba, za mimi na yule mwanasesere. Kila akimaliza alikuwa anasubiri, sikio limeelekea chini, na hapumui mpaka asikie. Kicheko kilikuja, lakini kila mara kilikuwa kidogo zaidi. Kifua kilikuwa kinabanwa.

Sindano alichungulia, akatikisa kichwa. Wakajadiliana kwa vidole na kwa kunong'ona. Mtu akishuka kwa kamba atagusa ukuta, na ile rafu itaanguka. Kusubiri zimamoto ni kusubiri rafu hiyo hiyo. Njia iliyobaki ilikuwa kushusha pete ya zege imzunguke Bubu kichwani, ikae juu ya kifusi kama ngome, na Sindano ashukie ndani yake. Pete hiyo haibebwi na watu wanne. Ikiyumba itaipiga rafu. Ikiteleza itamwangukia mtoto wangu.

Na winchi ilikuwa na ugonjwa wake. Jino moja la gurudumu lake lilikuwa limelika, kwa hiyo kila mzunguko kulikuwa na mahali ambapo mpini unateleza kidogo usipouwahi. Aliyeijua kwa mkono ni Redio peke yake. Ilibidi azungushe, asikilize lile jino, atazame pete, na aongee. Sindano akashika kamba za kuizuia isiyumbe. Mimi nikapewa kioo.

Nilikaa juu ya ubao nikalielekeza jua shimoni, lipite katikati ya pete ili waone inakokwenda. Mikono ilinitetemeka. Kule chini duara la mwanga likawa linacheza usoni mwa Bubu, na nikaona macho yake yanavyolifuata. Redio akaliona pia.

"Dada yako ndiye ameshika jua leo," akamwambia. "Akitetemeka ujue ni njaa. Chakula chako hajagusa, nakulindia."

Bubu akacheka. Mikono yangu ikatulia, sijui kwa nini.

Pete ikaanza kushuka. Bubu alikuwa ameambiwa ainue ule mkono mmoja, aubane sikioni, asiushushe kwa lolote. Mnyororo ulilia jino kwa jino. Redio alikuwa amefikia kisa cha fundi aliyepaka rangi sakafu akianzia mlangoni, na jasho lilimtiririka likaingia machoni, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Nilitaka kumfuta kwa nguo yangu, lakini kioo nilikishika kwa mikono miwili.

Katikati ya safari pete ikagusa ukuta. Mguso wenyewe ulikuwa mdogo tu. Mabonge ya udongo yakaporomoka, na Bubu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata alipokuwa mdogo. Akaanza kuhema haraka haraka. Nikaona bega lake linajipinda, linatafuta njia ya kutoka, na vumbi jepesi likaanza kumwagika kutoka kwenye ile rafu.

Redio akasimamisha mpini, akauegemea kwa kifua. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nimeishi na mtu huyo miaka mingi, nimemwona mgonjwa, nimemwona akizika wazazi wake, lakini sikuwahi kumwona akitafuta neno kazini na kulikosa. Midomo yake ilikuwa inacheza tu. Bubu alihema. Sindano alinitazama mimi, kana kwamba mimi ninalo hilo neno.

Kisha sauti ikatoka. "Shemeji," ilisema, ile ile ya harusini. "Hivi nilikueleza dada yako alivyousahau ufunguo ndani ya nyumba?"

Kisa hicho alikuwa amekisema mchana, nikiwa naingia getini. Kisima kile kile, siku ile ile. Nilijua sharti lao, na Bubu alilijua zaidi yangu, lilikuwa lake. Nilitaka kumkanyaga mume wangu mguu ili anyamaze, lakini ningesogeza mwanga. Akaendelea. Eti nikafunga kufuli, nikazunguka, nikaingia kwa dirishani. Nikatoka kwa dirishani. Hakuruka hata neno moja. Akafika kwenye mwizi haingii, akanyamaza.

Chini kulikuwa kimya. Hata kule kuhema sikukusikia.

Halafu Bubu akacheka. Hakikuwa kile kicheko chake kifupi. Kilikuwa kirefu, kikakatwa na kikohozi, kikaendelea tena. Bega lake likashuka, likatulia. Redio alifumba macho mara moja, akayafumbua, akaanza kuzungusha mpini.

Pete ilikaa juu ya kifusi ikamzunguka mdogo wangu bila kumgusa hata unywele. Sindano akajifunga kamba, na Redio akatangaza kule chini kwamba anamteremsha Sindano, shemeji awe mwangalifu asimchanganye na kamba. Sindano mwenyewe akatabasamu, yeye ambaye kwa kauli kama hiyo aliwahi kumkunja mume wangu shati. Akashuka, akaanza kuchota mchanga kwa kopo, taratibu, akijaza ndoo ndogo nasi tukivuta. Alikuwa amefika kiunoni mwa Bubu ile rafu ilipoanguka. Uwanja ulitikisika. Vumbi likapanda likatufunika, na mimi nikalitupa jua, nikajishika kichwa, kwa kuwa nilijua nimekwisha kuzika.

Vumbi lilipotulia tulimsikia Sindano akitukana. Sijawahi kufurahia matusi namna ile. Pete ilikuwa imeupokea ule mzigo wote kwa nje, na ndani yake vichwa viwili vilikuwa vyekundu kwa vumbi, vinapepesa macho.

Zimamoto walifika Bubu akiwa ameshalazwa kwenye jamvi la mwalimu. Walikuwa na machela na gari, na vyote vilitusaidia. Redio hakuja kumwona. Nilimkuta bado ameshika mpini wa winchi, na nilipomwambia auachie aliniambia hawezi. Ilibidi nifungue vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akaenda nyuma ya nyumba ya mwalimu akatapika.

Hospitali walisema ni mbavu mbili zilizovunjika na mguu uliovimba, atapona. Tulikaa pembeni ya kitanda chake, mimi upande huu na Redio upande ule, mume wangu akiwa amezimika kama anavyozimika nyumbani. Bubu alimtazama kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "ile ya ufunguo ulikuwa umeshaisema."

Redio akainua kichwa. "Niliisema?"

"Mchana. Kabla sijafukiwa."

Kumbe hakujua. Nilimwona anarudi nyuma akilini, anatafuta, anapata. Akainamisha uso mikononi. Nikamuuliza Bubu, sasa kama ulijua, ulikuwa unacheka nini?

"Nilisikia ameishiwa," Bubu akasema. Alivuta pumzi kwa shida, mbavu zilikuwa zinamchoma. "Nikaona nikinyamaza, ataachia winchi."

Muuguzi akaja kututoa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama mume wangu pale kwenye kochi kwa jicho lingine. Nimegundua kwamba anapotazama ukuta midomo yake inacheza kidogo. Wakati mwingine anatabasamu peke yake, wakati mwingine anakunja uso na kutikisa kichwa, kama mimi ninapofumua mshono usiokaa. Miaka yote hiyo nilidhani amerudi nyumbani kupumzika, kumbe alikuwa anamtafutia mdogo wangu vicheko vya kesho. Siku hizi akiitikia "mh" namwacha.

Bubu alipona, na kama nilivyoogopa, akasema anarudi kazini. Nilimbembeleza aje tushone wote. Alikataa kwa kichwa. Asubuhi waliyotoka mara ya kwanza, nilikuwa kwenye cherehani na sikuweza hata kuingiza uzi kwenye sindano. Walikuwa wamefika mlangoni, kamba begani, nikawaita. Sikuwa na la kuwaambia. Nilitaka tu wasitoke kwanza. Nikaanza kuwasimulia habari za mteja wangu aliyeleta suruali inayombana nimpanulie, akaja kuichukua, akaivaa, ikamkaa vizuri, akaivua na kunirudishia akidai si yake, yake inambana.

Nilipofika katikati nikakumbuka kwamba niliwasimulia hiyo hiyo jana yake jioni, tukiwa tunakula, mwanzo hadi mwisho. Nikaona aibu, lakini nilishindwa kunyamaza, na sauti ilikuwa inanitetemeka. Nikaimaliza hivyo hivyo.

Walitazamana. Redio ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bubu, na walicheka sana, wakashikilia fremu ya mlango. Halafu wakachukua kamba zao wakaenda kazini.